Maneno Yetu na Miili ya Binti Zetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama mjini Kigali, katika sherehe ya kumbukumbu ya chama)





Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo hali sote tu wazima, nami namwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Baada ya hayo, nawashukuru wakubwa wa chama hiki kwa heshima waliyonipa ya kusema mbele yenu katika siku kubwa kama hii. Wenzangu walionitangulia wamesema habari za waasisi wetu, na habari za michango ya faranga moja moja iliyojenga madrasa, na deni tulilo nalo kwa wazee wetu waliokwisha kwenda mbele ya haki. Mimi nimepewa nafasi ya kusema juu ya malezi. Nimechagua jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaona kuwa halimhusu shekhe, nalo ni hili: binti zetu wanaitazamaje miili yao wenyewe, na ni nani anayewafundisha kuipenda au kuichukia?

Elimu yangu ni ya chuo cha Qurani na ya shule ya msingi. Udaktari sikuusoma. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kuwauliza wajuao, na kwa kusomewa na vijana waliosoma kuliko mimi, na kwa balaa iliyoingia nyumbani mwangu mwenyewe. Nitaanza na balaa hiyo. Mwenye habari ni binti yangu. Nimemwomba ruhusa ya kuisimulia, naye ameniruhusu, tena ameniambia, "Baba, sema yote, wala usijifiche." Kwa hiyo sitajificha.

Binti yangu huyu, alipokuwa na umri wa miaka 15, alishika saumu za sunna. Alianza na Jumatatu na Alhamisi, kisha akaongeza zile siku nyeupe za kila mwezi, hata ikawa wiki haipiti ila amefunga siku nne au tano. Wakati wa futari alikuwa akitwaa tende mbili na kikombe cha maji, akasema ameshiba, akaingia chumbani mwake. Mimi babaye nilifurahi mno. Nilimtaja barazani, nilimtaja hata katika darsa baada ya sala ya Alasiri, nikiwaambia wenzangu, "Tazameni, hata katika watoto wa siku hizi wangaliko wamchao Mungu."

Mama yake hakufurahi kama mimi. Yeye aliona kwamba nguo zinampwaya mtoto, nywele zinabaki katika kitana kila asubuhi, na sweta haimtoki hata jua likiwaka. Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani, na mtoto akafunga siku zote 30 pasipo kuacha hata moja. Mama zangu mlio hapa mmekwisha fahamu. Mama mtu alihesabu, akakumbuka kwamba hata katika miezi iliyotangulia hakuona dalili yo yote ya ada ya wanawake. Akaingiwa na hofu, ile hofu ambayo kila mzazi wa binti aijua, wala sina haja ya kuitaja.

Namshukuru Mungu kwa kuwa mke wangu alinishinda kwa busara. Mimi nilikuwa tayari kuwaita wazee na kumhoji mtoto kwa ukali. Yeye akanizuia, akasema, "Ngoja kwanza daktari aseme." Siku ya kwenda kwa daktari haijafika, mtoto akaanguka bombani akichota maji. Tukampeleka hospitali, wakampima. Daktari, mwanamke wa makamo, akatuita sote wawili, akatuambia maneno ambayo sitayasahau: "Mtoto hana mimba. Mtoto ana njaa."

Akatueleza kwamba mwili ukikosa chakula kwa muda mrefu huanza kufunga milango yake mmoja baada ya mwingine ili uokoe kidogo ulicho nacho, na hedhi ni miongoni mwa milango hiyo. Ndiyo sababu nywele zilitoka, ndiyo sababu baridi ilimkaa mifupani, na ndiyo sababu moyo wake ulikuwa ukipiga polepole kupita kiasi. Akasema yapo maradhi ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, nayo ni maradhi ya nafsi na ya mwili pamoja, na katika maradhi yote ya nafsi hayo ni miongoni mwa yale yauayo zaidi.

Nikamwambia, "Lakini, daktari, mtoto huyu alikuwa akifunga kwa ajili ya Mungu." Akanijibu kwa upole, "Mzee, mwulize mwenyewe."

Nilimwuliza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, wewe huniita Pipa."

Ni kweli, ndugu zangu. Tangu utoto wake alikuwa mnene wa mashavu, nami nikampa jina hilo kwa mapenzi. Nikirudi kutoka sokoni nilikuwa nikipiga hodi nikisema, "Pipa yuko wapi?" naye akija mbio akinirukia. Alipofikisha umri wa miaka 13 aliacha kuja mbio, lakini mimi sikuacha kuita. Siku moja, katika harusi ya jamaa, mbele ya wageni, nilimwona akipakua pilau mara ya pili, nikasema, "Pipa, acha kidogo, usije ukakosa mume." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Yeye akarudisha sahani. Mimi nililisahau neno lile kabla hatujarudi nyumbani, naye alikaa nalo miaka miwili.

Daktari alinionya nisijitwishe mzigo wote, kwa maana maradhi haya yana mizizi mingi, na wako watoto wanaougua ingawa hawakutaniwa na mtu. Nami nimelikubali neno lake. Lakini katika mizizi ile yote, mmoja ulikuwa mkononi mwangu, nao ndio ulionipasa kuung'oa.

Baada ya hayo nilianza kuulizauliza: kipimo hiki cha uzuri kimetoka wapi? Ni nani aliyeamua kwamba mwili huu ni mzuri na ule ni mbaya? Majibu niliyoyapata yalinishangaza.

Hapa karibu na kwetu, ng'ambo ya mto Akagera, iko nchi ya Karagwe ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Mwaka 1861 Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nile, alifika huko kwa mfalme Rumanika. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1863 ameeleza kwamba wake wa watu wakubwa wa Karagwe walinoneshwa kwa maziwa hata wengine wasiweze kusimama, na unene huo ndio uliokuwa uzuri wenyewe. Alimkuta binti mmoja wa miaka 16 anakunywa maziwa, na baba yake ameketi karibu ameshika fimbo, ili binti asiache kunywa.

Tafakarini habari hiyo. Binti wa Karagwe alilazimishwa kunywa kwa fimbo ya babaye, na binti yangu alizuiwa kula kwa ulimi wa babaye. Umri wao ni karibu mmoja, na nchi zao zinapakana. Yule aliambiwa hatoshi kwa kuwa si mnene, na huyu akaambiwa amezidi. Mwili wa mwanadamu haukubadilika katika miaka hiyo 160. Kilichobadilika ni kipimo cha watu, na katika nyakati zote mbili aliyeteseka kwa kipimo hicho ni mtoto wa kike.

Habari ya pili yatoka mbali, katika visiva vya Fiji vilivyo bahari ya Pasifiki. Nimeichagua kwa sababu inaonyesha wazi jinsi kipimo kinavyoweza kugeuka kwa muda mfupi. Watu wa Fiji tangu zamani waliusifu mwili ulioshiba, na kumlisha mtu vizuri kulikuwa alama ya kumpenda, kama ilivyo kwetu. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika jimbo moja liitwalo Nadroga, ikiwa na michezo mingi iliyotengenezwa Marekani, Uingereza na nchi nyingine za mbali. Daktari mmoja wa Kimarekani, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa shule wa jimbo hilo habari za chakula na miili yao mwaka ule ule 1995, kisha akawauliza wengine wa rika lile lile mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema kuwa hujitapisha ili apungue. Mara ya pili, baada ya miaka mitatu tu, walikuwa karibu 11 katika kila 100. Wasichana wale hawakuwa wengi, kila mara walikuwa sitini na kitu, na daktari mwenyewe hakusema kwamba televisheni ndiyo sababu pekee. Hata hivyo wasichana wenyewe walieleza kwamba walitamani kuwa kama wale waliowaona katika michezo ile.

Ikiwa sanduku moja sebuleni, linalotazamwa na jamaa yote, liliweza kufanya hayo kwa miaka mitatu, basi tusemeje juu ya simu iliyomo mkononi mwa binti, ambayo huingia nayo hata kitandani? Ndani ya simu hiyo zimo programu ambazo humfanya mtu apige picha ya uso wake, kisha kwa kidole kimoja akaipunguza pua, akayapanua macho na kuing'arisha ngozi. Binti huona nyuso za wenzake zilizokwisha tengenezwa namna hiyo, akadhani ndivyo walivyo. Kisha hujitazama katika kioo cha nyumbani, ambacho hakijui kudanganya, akajiona ana kasoro. Baya zaidi ni kwamba mashine hizo hukumbuka kile mtu alichokitazama. Binti yangu alitafuta mara moja namna ya kupunguza mwili, na tangu siku hiyo simu ikawa inamletea mambo hayo hayo, asubuhi na jioni, pasipo yeye kuuliza tena.

Wenye mali hizo hawakuwa wajinga wa jambo hili. Mwaka 2021 mwanamke mmoja aitwaye Frances Haugen, aliyekuwa mtumishi wa kampuni iliyoitwa Facebook wakati ule, inayomiliki Instagram, alizitoa hadharani karatasi za ndani za kampuni. Katika karatasi hizo wachunguzi wa kampuni yenyewe walikuwa wameandika kwamba, katika wasichana waliokuwa tayari wanajisikia vibaya juu ya miili yao, 32 katika kila 100 walisema Instagram iliwaongezea uchungu huo. Yazingatieni maneno hayo: iliwaongezea. Maana yake, wasichana hao waliijia simu hali wanao uchungu tayari. Kwa binti yangu mambo yalikuwa vivyo hivyo. Kidonda kilifunguliwa nyumbani, na simu ikatia chumvi.

Nyuma ya picha kuna biashara, na biashara hiyo hapa kwetu jina lake ni mkorogo. Jina hilo limeingia hata katika Kinyarwanda, wala hapana haja ya kulifasiri. Mnajua jinsi watu wa mji huu wamwitavyo msichana wa maji ya kunde inzobe, na jinsi neno hilo linavyosemwa kama sifa. Mimi nimetumwa kuposa mara nyingi, nami nimesikia kwa masikio yangu mama wa kijana akiuliza juu ya binti wa watu, kabla hajauliza dini yake wala tabia yake, "Je, ni mweupe?" Binti wa nyumba hiyo yuko nyuma ya pazia, anasikia. Kesho yake akienda dukani kununua kichupa, je, tutamlaumu yeye peke yake?

Yaliyomo katika vichupa hivyo yanajulikana. Imo haidrokwinoni, ambayo huzuia mwili kutengeneza rangi yake, na mtu akiendelea kujipaka kwa muda mrefu ngozi humgeukia ikawa na mabaka meusi ya buluu ambayo ni shida kuyaondoa. Katika vingine imo zebaki, ambayo hupenya katika ngozi ikaharibu figo na mishipa ya fahamu. Katika vingine zimo dawa za steroidi, ambazo huifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, hata kidonda kikiwa kigumu kupona. Mwezi wa Novemba 2018 Rais Paul Kagame alisema hadharani kwamba jambo hili lina madhara, akazitaka Wizara ya Afya na Polisi zichukue hatua, na maduka yakapekuliwa na vichupa vikakusanywa. Mwaka 2023 mataifa yaliyotia sahihi Mkataba wa Minamata yalikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo mwaka 2025. Lakini sheria huweza kukiondoa kichupa dukani, wala haiwezi kuliondoa swali la "Je, ni mweupe?" kinywani mwa mama wa kijana. Kama haja ingaliko, muuzaji atapatikana. Na niseme lililo gumu zaidi: miongoni mwa waliokuwa wakiviuza vichupa hivyo, wamo tunaoswali nao safu moja.

Sasa nirudi kwenye ulimi, maana huko ndiko ninakotaka tufike. Sisi tumelelewa katika salamu zisemazo, "Umenenepa! Umenawiri!" Wazee wetu walisema hivyo kwa nia njema, kwa sababu kunenepa kulikuwa dalili ya afya na neema, na kukonda kulikuwa dalili ya maradhi au dhiki. Mtu aliyeambiwa amekonda alipewa pole. Lakini leo shangazi akimwambia binti wa miaka 14 "Umenenepa," yeye anatoa sifa, na binti anapokea hukumu. Neno ni lile lile, ila masikio yamebadilika. Mwenye hekima hutazama neno lake linaangukia wapi.

Dini yetu imekwisha tuonya katika jambo hili. Katika Sura ya Al-Hujurat Mwenyezi Mungu amewakataza watu kudharauliana, na hakutosheka kuwakataza kwa jumla, bali amewataja na wanawake kwa wanawake, kisha akakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Mimi nimewafundisha watoto aya hiyo zaidi ya miaka 20, na jioni nikirudi nyumbani nilikuwa nikimwita mwanangu Pipa. Kuna hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ya kwamba Bibi Aisha alimtaja Bibi Safiyya kwa ufupi wa kimo chake. Mtume (S.A.W.) akamjulisha kwamba amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyachafua. Bibi Aisha mwenyewe ndiye aliyeisimulia hadithi hii, wala hakujificha. Basi ikiwa neno moja juu ya kimo cha mtu laweza kuchafua bahari, litaufanya nini moyo wa mtoto wa miaka 13?

Na iko habari ya Abdallah bin Masud, sahaba aliyekuwa na miguu myembamba sana. Alipanda mti kukata miswaki, upepo ukampeperusha nguo, sahaba wakaiona miguu yake, wakacheka. Mtume (S.A.W.) aliwauliza wanacheka nini, kisha akawaambia kwamba miguu ile katika mizani ya Mwenyezi Mungu ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Tazameni jinsi alivyomtetea: hakusema miguu ile si myembamba, wala hakumtafutia dawa ya kuinenepesha. Alibadilisha mizani tu.

Ndugu zangu, sikuja kuwalisha maneno mkaondoka na njaa. Nina mambo machache ya kufanya, nami nayasema kama mtu aliyeyajua kwa kuchelewa.

La kwanza ni kwa akina baba. Rudini leo nyumbani mkayachunguze majina mnayowaitia watoto. Kama limo jina la mwili, liwe la unene, la wembamba, la weusi, la meno au la masikio, liacheni leo hii, na mwombeni mtoto radhi. Msiseme "Nilikuwa natania." Aliyechomwa ndiye ajuaye kama kisu kilikuwa cha utani.

La pili ni kwa akina mama. Binti husikia vile mama aisemavyo nafsi yake mbele ya kioo. Mama anayejitukana kwa unene wake anamfundisha bintiye somo asilolijua. Wala msiwalinganishe ndugu wawili, mkasema huyu kachukua uzuri na yule kachukua akili, kwa maana mtawaumiza wote wawili.

La tatu ni juu ya saumu. Mtoto akizidisha kufunga, furahini, lakini mtazameni wakati wa futari na wakati wa daku. Afungaye kwa ajili ya Mungu hufurahi anapofuturu. Mkiona anakikimbia chakula jua likiwa limekwisha tua, anapungua kila mwezi, anahisi baridi, anazimia, au siku zake zimekatika, msikimbilie kumshuku uovu, wala msikimbilie kumsifu ucha Mungu. Mpelekeni hospitali upesi. Katika Sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula, na ruhusa hiyo ni rehema, haina aibu yo yote.

La nne ni juu ya simu. Kuinyang'anya peke yake hakutoshi, kwa kuwa atatazama ya mwenziwe. Keti naye, mwambie akuonyeshe anachokitazama, na mwulize, "Hii ni picha ya kweli au imetengenezwa?" Vijana wajua mambo hayo kuliko sisi, nao wakiulizwa kwa heshima husema.

La tano ni kwa walimu wa madrasa, na humo najitia na mimi. Mwanafunzi asitambulishwe kwa mwili wake. Kila mmoja ana jina alilopewa siku ya akika yake, tumwite kwa hilo.

La sita ni kwa wafanya biashara. Rizki iliyomo katika kichupa kinachoharibu figo za binti wa jirani yako si rizki ya kuombea baraka. Na kwa washenga na wazazi wa wavulana nasema: swali la rangi lisiulizwe tena katika nyumba za watu.

Na ninyi binti zangu mlio hapa, nina neno moja tu. Mkiumizwa na neno letu, tuambieni. Msilifiche tumboni, kwa maana tumbo si mahali pa kufichia maneno. Kama baba hasikii, mwambieni mama, au shangazi, au mwalimu, au daktari. Wako watu wazima watakaowasikiliza.

Namaliza kwa kuwaambia mwisho wa habari yangu. Kupona kwa mtoto hakukuwa kazi ya wiki moja. Kulichukua karibu miaka miwili, kwa daktari wa mwili na kwa mshauri wa nafsi, na kulikuwa na miezi ya kurudi nyuma. Ramadhani iliyofuata daktari alimkataza kufunga. Mtoto alilia, akisema ataonekana vipi mbele ya wenzake. Kwa hiyo kila siku adhuhuri nilikuwa nikitoka dukani, nikirudi nyumbani na kuketi naye, yeye akinywa uji wake, mimi nikiwa nimefunga. Siku za kwanza hatukusema neno. Siku ya tisa aliniuliza, "Baba, unaona aibu kwa ajili yangu?" Nikamwambia, "Naona aibu kwa ajili yangu mimi." Akamaliza uji wote.

Leo ni msichana mkubwa, anasoma, anakula na wenzake. Mimi humwita kwa jina lake, lile nililomchagulia siku ya saba baada ya kuzaliwa, ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nimelisahau.

Namwomba Mwenyezi Mungu atutakasie ndimi zetu, awaponye walio wagonjwa katika watoto wetu, na awarehemu waasisi wa chama hiki waliotuachia amana. Amana yao kubwa ni watoto hawa, kuliko hata majengo.